Mrithi wa Ukuta wa Bunduki

Jumatano, 11 Desemba

Babu Krsto ametangaza! Kwenye kahawa, bila kunitazama, kama anaongelea theluji. Alhamisi ijayo, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yetu, mbele ya wageni wote, atasema nani atachukua bunduki zake. Mikono inamtetemeka, anasema. Juzi alishindwa kukaza skrubu ya gobore. Na akifa kabla mrithi hajaandikishwa, polisi watakuja kuzibeba kama kuni.

Wanawe walishakataa. Baba yangu yuko melini, ami yuko Uswidi, na wote wawili huziita kutu. Tumebaki wajukuu. Mimi na binamu yangu Vukota.

Vukota! Anachimba mabwawa ya kuogelea kule Budva, mji wa watalii pwani. Hawezi kutofautisha gobore na mwiko. Lakini ni mwanamume. Alipozaliwa, Babu alitoa ile bastola kubwa ya Kiaustria dirishani akafyatua mpaka vigae vya jirani vikapasuka. Nilipozaliwa mimi, hakuna aliyefyatua. Mama husema siku ile kulikuwa na ukungu. Nimesoma historia hadi shahada ya pili na sijaona popote panapoeleza ukungu unavyozuia risasi.

Nazitaka. Zote. Nataka azishushe ukutani watu wakiona, aniwekee mikononi. Basi. Baada ya hapo sitaomba kitu kingine maishani.

Nina mpango.

Ijumaa, 13 Desemba

Babu kaenda Cetinje kwa daktari wa macho. Kapelekwa na jirani Filip, mkusanyaji mwenzake, kwa gari ambalo nalo ni la makumbusho. Nyumba yote yangu!

Nimeishusha bastola kubwa. Nyeusi, kama sufuria ya kijijini. Limau, majivu, kitambaa. Nimesugua mpaka mabega yakakataa. Imeng'aa! Niliona meno yangu ndani yake. Nikaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, nikakaa kusubiri sifa.

Wamerudi. Babu akaitazama. Akaitazama tena. Hakugomba. Heri angegomba! Akasema polepole kwamba ule weusi haukuwa uchafu. Ulikuwa jasho la kiganja cha baba yake, na cha baba wa baba yake, na hakuna mkusanyaji mwenye akili duniani anayethubutu kuugusa. "Walikuwa wamebaki hapo tu, mwanangu," akasema. "Umewafuta."

Filip, kofia ingali kichwani, akanipongeza. Akasema profesa ametutengenezea bomba la bafuni.

Nimejaribu kurudisha weusi kwa kahawa. Haukushika. Nimejaribu maganda ya vitunguu. Sasa inang'aa na inanuka.

Jumapili, 15 Desemba

Theluji hadi magotini. Nimekwenda kwa Filip kutafuta mtetezi. Babu humsikiliza yeye tu, tangu walipokuwa wakichunga mbuzi pamoja.

Ukuta wake ni mkubwa kuliko wetu. Magobore yenye vitako vilivyopambwa kwa magamba ya chaza, mapanga, vyote bila vumbi. Wanawe wako Chicago. Aliwapigia kuwauliza nani anataka. Mmoja akasema, "Huku zimejaa, baba." Mwingine akaahidi kupiga baadaye. Hiyo ilikuwa wakati wa Pasaka.

Ana televisheni mbili, katika vyumba viwili, zote zimewashwa. Nikamwuliza ya nini. Akasema anaziacha zigombane.

Nikamwomba anisemee kwa Babu. Akasema Krsto ana bahati: anao wajukuu wawili wanaogombea, yeye hana hata mwizi. Akanikaribisha chakula. Nikamwambia sina nafasi, nina mambo mengi ya kupanga. Akanifungia nyama ya kukausha, akasimama mlangoni mpaka nikafika barabarani. Nilipogeuka bado alikuwa amesimama. Mlango wazi, baridi yote ile ikiingia ndani! Wazee hawajui bei ya joto.

Nyumbani nikamkuta Babu kalala kitini. Nikaongea na gobore la katikati. Limenisikiliza vizuri.

Jumatatu, 16 Desemba

Kama siwezi kujipandisha, nitamshusha Vukota.

Nimempigia. Nikamwambia kwa huruma kubwa kwamba kuna mila ya ukoo ambayo huenda hakuelezwa. Mwenye bunduki lazima akae chini ya bunduki. Katika nyumba hii hii, mwaka mzima, masika na kipupwe. Awashe jiko, apokee wageni, azike kila anayekufa kijijini. Bunduki hazihamishwi, mtu ndiye anayehamia.

Nimeitunga papo hapo, nikiwa nimeshika kijiko!

 Kisha akauliza kama huku kuna intaneti. Nikamwambia ipo, ukipanda kilimani, na mawingu yakikubali. Akasema, "Mungu wangu, Vida, wewe unaishije?"

Nikamjibu kwamba naishi vizuri sana.

Nimeshinda! Nimecheza jikoni, peke yangu, na soksi za sufu za Babu. Nilizunguka mara moja nikamtafuta wa kumshika mkono, nikashika mpini wa ufagio. Una mwendo mzuri.

Jumatano, 18 Desemba

Vukota msaliti kampigia Babu! Nilisikiliza kwenye ngazi. Kamwomba amwondolee mzigo huo, ana mchumba, ana mabwawa, hawezi kuja kukaa chini ya bunduki.

Nilingoja Babu acheke. Mila gani? Nani kasema? Hakucheka. Alihamishia simu sikio la pili, akasema, "Ni kweli. Sikuwahi kulitazama hivyo."

Jioni nzima aliutazama ukuta. Kisha mimi. Kisha ukuta. Akaniuliza habari za Ljubljana. Nilimweleza zamani kwamba chuo kikuu cha kule kimenipa nafasi ya shahada ya uzamivu na kinanisubiri Februari. Nikasema Ljubljana haina haraka. Akauliza wiki hii nimeongea na nani zaidi yake. Nikasema Filip. Akauliza, na wa rika langu mimi je? Nikafikiri sana. Nikamtaja mama wa posta. Ana miaka hamsini na tano, lakini huvaa jinzi.

Babu akafumba macho.

Anapima uaminifu wangu. Nimefaulu!

Alhamisi, 19 Desemba

Siku yenyewe. Mwenye nyumba haketi siku ya mtakatifu wake. Husimama, humimina, hukaribisha, tangu mgeni wa kwanza hadi wa mwisho. Nami nikasimama kando ya Babu, kushoto, mahali pa mrithi, ili kila jicho lizoee. Padri akakata mkate, nikasimama. Samaki wa ziwani wakaja, maharage yakaja, nikasimama. Vukota aliketi mara tu alipoingia, akala chakula cha watu watatu, akausifu ukuta kwa mbali kama mtu anayesifu mbwa mkali.

Wageni, wote waliopanda kutoka mjini na vijiji vya mbali, wakaniuliza naolewa lini. Bibi mmoja akaniambia niketi, binti, mbona unasimama kama nguzo ya umeme?

Kisha Babu akagonga glasi kwa kisu.

Akasema anazeeka, wote wanaona, na chuma kinataka mwenyewe. Akasema bunduki zake zote zinakwenda kwa Filip.

Kwa Filip!

Na za Filip, zinakuja kwake. Wamekubaliana. Atakayetangulia anamwachia aliyebaki. Vukota akapiga makofi. Akapiga makofi! Mtu akadakia kutoka mwisho wa meza, na wa mwisho naye atamwachia nani? Filip akasema wa mwisho atawaita watu wa makumbusho, maana hatabaki wa kumcheka. Kicheko nyumba nzima. Filip mwenyewe alikuwa akijifuta macho, nadhani ni ile pombe kali ya zabibu.

Babu akanivuta jikoni.  Akasema kwamba Vukota, mpumbavu yule, ndiye aliyemfungua macho. Mwenye bunduki lazima akae chini ya bunduki. Yeye kakaa tangu bibi yangu alipofariki. Anazipangusa, anazihesabu, anaziamkia asubuhi. Ananijua, akinipa nitakaa, na siku moja nitakuwa na televisheni mbili.

"Kama nisingekupenda, ningekupa zote," akasema. "Panda basi, mwanangu. Uende."

Uongo wangu! Uongo wangu mwenyewe, niliouzaa mimi, nikiwa nimeshika kijiko!

Nimelia kwenye banda la kuni. Ndani walikuwa wakiimba. Hakuna aliyekuja kunitafuta, ila mbwa wa padri, naye alifuata harufu ya samaki.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimetulia. Nimefikiri kwa kina, kama msomi.

Babu kachanganyikiwa, hilo ni wazi. Ameongea kwa uchungu wa sherehe. Tuuache moyo, tutazame hali halisi. Kuna wazee wawili. Mmoja atabaki. Atakayebaki atakuwa na kuta mbili! Na huyo ndiye atakayeamua kama atawaita watu wa makumbusho au atamwita mtu anayemwamini, aliyemfyagilia theluji na kumpikia supu miaka yote hiyo.

Kwa hiyo nimefanya makosa madogo tu. Niliutaka ukuta mmoja.

Asubuhi nimewaandikia Ljubljana kwamba sitakuja. Nimetuma kabla sijapoa. Kisha nimefyagia njia ya Filip, nimewasha jiko lake, nimekimbia kurudi kumpikia Babu. Kesho nitaanza kwa Babu kisha Filip, ili pasiwe na wivu. Miaka kumi, nadhani. Kumi na mitano wakiwa na mapafu ya huku kwetu. Nitakuwa bado na meno.

Babu kaingia chumbani kwangu mchana. Kaliona sanduku la safari tupu chini ya kitanda, na nguo zangu zimepangwa upya kabatini. Akaketi kitandani, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo muda mrefu. Furaha, bila shaka. Wazee wa huku hawapendi kuonekana wakifurahi.

Mpango huu una kasoro gani? Sioni. Nimezunguka kijiji chote kabla ya giza kuhakikisha hakuna mshindani mwingine. Nimebisha kila mlango. Nimechungulia madirishani. Nimeita.

Hakuna mtu!