Nailoni ya Mtamba wa Mahari

Jumatatu, 7 Julai 1958
Baridi. Mlima Meru hauonekani. Nimetoka dukani Ngarenaro na mfuko mkubwa wa nailoni uliofungiwa majora ya vitambaa. Mwenye duka alikuwa anautupa. Nikakata ukanda, nikauvuta. Ajabu! Ukakonda mahali pamoja, ukafanya shingo, na kila nilipovuta shingo ikarefuka, ikawa nyeupe. Nikaachia, haukurudi. Nikavuta kwa nguvu zote, haukukatika. Mwanzo laini, sasa mgumu kama uzi wa viatu.

Jumamosi nampelekea Mzee Sifael mtamba, ng'ombe ambaye hajazaa bado, wa mahari ya bintiye, Marta. Jirani yangu Eliamini, anayemtolea macho Marta huyo huyo, anaringia kamba yake ya mkonge. Atakoma.

Jumatano, 9 Julai
Nimevuta kanda zote, nikazisokota pajani kama marehemu mama alivyosokota maganda ya mgomba. Yeye kizingitini akiimba, mimi nimeshika ncha ya pili. Nimemkumbuka mno, machozi yamenitoka. Kamba ndefu kuliko ya Eliamini. Nimemwambia mkonge ni mambo ya enzi za Wajerumani. Akauliza kama fundo litakaa. Wivu.

Ijumaa, 11 Julai
Fundo halikai, linateleza. Nikakumbuka: mama aliitumbukiza kamba yake kwenye maji ya moto, ilegee, fundo lishike. Nikachemsha. Kamba ikajikunja, ikanywea, ikawa fupi na nene, utadhani haijawahi kuvutwa. Imebaki urefu wa mkono wangu. Niazime mkonge kwa Eliamini? Heri nife.

Jumamosi, 12 Julai
Nimemwongoza mtamba nimeinama njia nzima, shavu langu kwenye sikio lake. Langoni kwa Mzee akaona migomba, akarusha kichwa, fundo likafunguka. Akaingia kwenye miche ya kahawa. Eliamini, aliyekuwa akitufuata nyuma, akamkamata kwa mkonge, Marta akamkaribisha chai. Mimi nikaambiwa nipande miche upya, nirudi Jumamosi ijayo na kondoo dume. Huyo naye akinitoroka, Mzee kasema, nisahau njia ya kwake.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani Marta hakugeuka. Imeniuma. Baada ya ibada Eliamini kaniachia kamba yake ya mkonge, eti anamhurumia kondoo. Nimeanikia shati.

Mfuko mwingine wa nailoni nimeshaupata. Kosa nimelijua. Mama aliacha maji yachemke mpaka yakafurika jikoni, mimi nikaitoa kamba mapema. Safari hii yatachemka sawasawa.