Kamati ya Kulia kwa Pamoja

Serikali ilitangaza, kwa kinywa cha Bwana Absalom, mkuu wa tarafa, yaani DO, kwamba vita havikuwepo, kwamba vimekwisha, na kwamba kuanzia Jumatatu wananchi wote watavikumbuka kwa namna moja.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Bwana Absalom hakuwa wa upande wa ziwani wala wa mlimani. Alikuwa wa upande wa kupandishwa cheo. Mkuu wa Mkoa alikuwa amemwahidi wilaya nzima, pande hizo mbili zikikubaliana juu ya kilichotokea.

Kazi ilikuwa nzito. Watu wa ziwani walikumbuka maiti za ziwani tu. Watu wa mlimani walikumbuka za mlimani. Za wenzao waliziita uvumi. Kamati aliyoiunda ilijifungia katika hoteli moja ya Kisumu, ikala samaki wakubwa aina ya ngege kwa niaba ya waathiriwa, ikatoka na azimio: pande zote zilie pamoja, katika matanga mamoja ya kiserikali, ukumbini, mbele ya Mkuu wa Mkoa na watu wa redio.

"Mama, lia kwa wastani," Bwana Absalom alimwelekeza Seline, mjane wa ziwani.

"Mume wangu nimlilie nusu, Bwana DO?"

"Nusu nyingine atamalizia mwenzako Nelima."

Nelima, mjane wa mlimani, alicheka puani. "Mimi nimlilie huyo? Si watu wake ndio waliochoma boma letu?"

"Hakuna boma lililochomwa, Mama. Kulikuwa na hali ya joto."

"Ala. Kumbe kule Migosi kwa dada yangu nalala jikoni kwa sababu niko likizo."

Matanga yakaanza. Bwana Absalom alikuwa amekaa maofisini muda mrefu mno, akasahau kwamba mwanamke anayelia matangani humwambia marehemu lolote alilo nalo, na hakuna wa kumkatiza.

Seline alitembea huku na huku, mikono kichwani. "Baba Aoko, mbona ulifungua mlango? Ulifungua kwa sababu aliyebisha alikuwa DO. Akasema wa mlimani wanakuja, akatuachia petroli."

Nelima akaacha kucheka. Akainuka, akamfuata nyuma. "Simiyu wangu, na kwetu alibisha huyo huyo. Akasema wa ziwani wanakuja. Mishale aliyotugawia ilifungwa kwa kamba za faili."

Watu wa ziwani wakawageukia wa mlimani.

"Kwenu alikuja na gari gani?"

"Landrova ya kijani."

"Taa moja imekufa?"

"Hiyo hiyo."

Azimio la kumbukumbu moja likapita pale pale, pande zote zikinyoosha mikono. Aliyepinga ni mmoja. Bwana Absalom alishika kipaza sauti na kutetea, jasho likimtoka, haki ya kila jamii kukumbuka peke yake.

Mkuu wa Mkoa alimpongeza kwa kufaulu kupita kiasi, akaanza kutafuta mlango.

"Keti, Mzee," Seline alimwambia kwa heshima, akipangusa machozi. "Huyu tumemaliza naye. Sasa tumefika kwa aliyemtuma."