Keki Isiyo na Harusi

Dafroza Masatu,
Kidato cha Pili,
nyumbani kwa Shangazi Hyasinta,
Musoma Mjini.
Oktoba, 1987

Kwa Afisa Biashara,
Musoma.

Ndugu Afisa Biashara,

YAH: KURUDISHWA KWA VIBALI VYA KEKI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na ukiwa umekwisha kunywa chai, maana ina mambo mengi ya chakula. Tumefundishwa darasani kwamba mwananchi mwenye shida aiandikie ofisi inayohusika, kwa lugha ya heshima, na ataje jambo lake mapema. Jambo langu ni hili. Naomba ofisi yako ifunge migahawa yote ya watu binafsi inayouza kahawa na keki kuanzia hapa mjini hadi Bunda. Kama hilo ni zito, naomba irudishe vibali vya keki kama zamani. Nisiposaidiwa, nina hofu kwamba nitaozwa kabla sijafika kidato cha tatu.

Najua utajiuliza keki inahusiana vipi na masomo yangu. Naomba uvumilivu wako, nitaeleza kwa namba.

1. Keki kupatikana siku isiyo ya harusi.

Nilipokuwa shule ya msingi kule Bugwema, keki ilikuwa ni ya harusi. Aliyetaka keki alihitaji unga wa ngano na sukari. Aliyehitaji unga na sukari alikwenda kwenye ofisi kama yako kuomba kibali, na huko aliulizwa nani anaoa. Sisi wengine tulikunywa uji bila sukari na hatukulalamika. Kwa utaratibu huo kila mtu alijua maana ya keki. Bwana harusi anamlisha bibi harusi, bibi harusi anamlisha bwana harusi, akina mama wanapiga vigelegele, basi, watu wameoana.

Sasa biashara imeachiwa huru, sukari inaonekana madukani, na Mama Robi ametoka Tarime na magunia ya kahawa ya kwao, akafungua mgahawa karibu na soko. Anauza kahawa na keki ya ndimu siku yoyote. Haulizi nani anaoa. Shangazi yangu Hyasinta, ambaye ni mpiga chapa na ndiye anayenilea hapa mjini, alinipeleka Jumamosi moja kwa sababu nilikuwa nimefaulu hisabati. Keki ilipowekwa mezani nilisimama, nikidhani maharusi wako njiani. Shangazi akaniambia, "Kaa, Dafroza, hakuna anayekuja. Kula." Nilikula huku nikiangalia mlango.

2. Upungufu wa uma.

Siku hiyo viti vilikuwa vimejaa. Bwana Felisian, fundi mitambo wa Bunda, aliomba kukaa kwenye meza yetu. Shangazi aliniambia kwamba anamfahamu kwa salamu tu. Baadaye nimejifunza kwamba zilikuwa salamu nyingi. Alipoagiza, jikoni kulikuwa kumebaki kipande kimoja cha keki na uma mmoja. Bwana Felisian ni mtu mwenye adabu, hawezi kula huku wengine wanamtazama. Alikata pembe ya keki, akainyanyua kwa ule uma, akasema, "Onja kwanza wewe, dada, usije ukasema nimekunyima." Shangazi akafungua mdomo.

Wakati huohuo alikuwa anapita dirishani Mama Nyamhanga, jirani yetu wa Bugwema, na karai la sato wa kukaushwa kichwani. Aliona mwanamume anamlisha mwanamke keki mbele ya watu. Mama Nyamhanga anajua wajibu wake. Alishusha karai, akapiga vigelegele. Akina mama wa sokoni hawakuwa wameona kitu, lakini hawapendi kuachwa nyuma, wakampokea. Mama Robi alitoka jikoni na unga mikononi akapiga na yeye. Jua halijazama, habari zilikuwa zimefika Bugwema kwamba Hyasinta ameolewa mjini bila hata mkia wa ng'ombe.

Nataka kuwa mkweli kwa ofisi yako. Shangazi hakukanusha. Aliangalia ndani ya kikombe chake akatabasamu, na kikombe kilikuwa kitupu.

3. Vikao vya mahari kuhamia mgahawani.

Babu yangu, Mzee Makongoro, ambaye ni baba yake Shangazi, alikuja mjini na wazee wenzake, amekasirika. Alisema mwanamke akishalishwa keki hadharani ameolewa, kilichobaki ni ng'ombe. Wazee wa upande wa Bwana Felisian walikuja kutoka Butiama wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Keraryo, na wao wakakubali kwamba ndivyo ilivyo. Mpaka hapo sina malalamiko. Shangazi anataka kuolewa, Bwana Felisian ni mpole, na wote wawili wameniahidi kwamba nitaendelea kukaa kwao na kusoma mpaka niwe daktari.

Ubaya ulianzia kwenye mahali pa kukutania. Babu alisema shauri huamuliwa pale lilipotokea. Wakaketi kwa Mama Robi.

Ndugu Afisa, kwetu mahari haizungumzwi mbele ya chakula, maana ni kumkosea heshima aliyepika. Tena kwetu mgeni haachwi na sahani tupu, maana ni kama kumfukuza. Nyumbani desturi hizi mbili hazigombani, kwa kuwa watu huzungumza kwanza na chakula hutoka mwisho. Mgahawani chakula hutoka kwanza. Wazee wakiketi tu, kahawa na keki zimefika. Keki ikiwa mezani, hakuna anayeweza kutaja ng'ombe. Keki ikiisha, Bwana Felisian anaona wakwe zake wana sahani tupu, anaagiza nyingine. Kikao cha kwanza kilianza asubuhi na kufungwa jioni kwa sala, bila ng'ombe hata mmoja kutajwa. Babu alisema kilikuwa kikao kizuri sana.

4. Wazee kuzurura wakitafuta mahali pasipo na upendeleo.

Mzee Keraryo alisema Musoma ni upande wa mwanamke. Kwa hiyo walikutana Butiama, ambako mpishi mmoja mstaafu wa misheni amefungua mgahawa barazani kwake na huoka keki ya mayai kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Babu akasema Butiama ni upande wa mwanamume, ingawa alisubiri kulisema hilo mpaka sahani ilipokwisha. Wakakubaliana kukutana katikati, Kiabakari, kwa dada mmoja kando ya barabara anayewauzia wasafiri keki ya karanga. Baada ya hapo walikwenda Bunda ili wazee waone mahali anapofanya kazi muoaji. Hawakufika anapofanya kazi. Waliishia karibu na stendi, kwenye mgahawa wenye keki ya ndizi. Bweri sijui walikwenda kwa sababu gani, hakuna aliyeeleza.

Mimi ndiye ninayetumwa kumsindikiza Babu, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe. Wazee waliokuwa wakizungumza habari za mvua na pamba sasa wanabishana kama keki ya Kiabakari imezidi chumvi. Babu, ambaye zamani alisema kahawa ni ya watu wasio na maziwa, siku hizi anainusa kwanza huku amefumba macho.

"Hii imeungua," alisema kule Bunda. "Ya Mama Robi ndiyo kahawa."

"Makongoro, pua yako imezoea samaki," Mzee Keraryo akamjibu. "Utaijulia wapi kahawa?"

"Na ya kwako imezoea mbuzi, lakini kila tukikaa unakuwaga wa kwanza kunusa."

Walicheka mpaka wakakohoa. Wamekuwa marafiki, Ndugu Afisa, na hilo ndilo limeharibu mazungumzo kabisa, kwa sababu sasa hakuna anayetaka kumshinda mwenzake.

5. Mtamba.

Ng'ombe wengine wote walikubaliwa kituoni wakati wazee wanasubiri basi, mahali pasipouzwa keki. Amebaki mtamba mmoja mwenye baka jeupe. Kila kikao anatajwa, keki inaletwa, ananyamaziwa. Amenyamaziwa muda mrefu hata akazaa. Sasa inabidi wajadili na ndama ni wa nani. Bwana Felisian huvaa suti yake ya harusi kila kikao kwa kuamini kwamba hicho ndicho cha mwisho, na viwiko vimeanza kung'aa. Shangazi ameacha kwenda kwa Mama Robi. Akirudi kazini hukaa mlangoni bila kuvua viatu, ananiuliza, "Leo wamesemaje?" Mimi namweleza keki ilikuwa ya namna gani, kwa kuwa sina lingine la kumweleza.

6. Jambo linalonihusu mimi.

Katika kikao cha mwisho pale Kiabakari, Mzee Keraryo alifuta makombo kwenye masharubu akauliza kwa huzuni, "Sasa hii ya Hyasinta ikiisha, tutakuwa tunakutana kwa sababu gani?" Wazee wote waliweka uma chini. Nilikuwa nawamiminia kahawa. Babu akaniangalia. Mzee Keraryo naye akaniangalia. Halafu Mzee Keraryo akasema ana mjukuu anaitwa Pastory, kijana mtulivu, anafuga. Babu hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema, "Waongezee keki hapa."

Ndugu Afisa, mimi nilikuwa naipenda keki. Tangu siku ile nikiona sufuria yenye makaa juu ya mfuniko, naona madaftari yangu yanafungwa kwenye khanga.

Kwa kuwa nimefundishwa kwamba anayelalamika apendekeze pia, napendekeza haya. Kibali cha keki kitolewe kwa mtu mwenye barua ya kanisa inayoonyesha kwamba mahari imekwisha kuzungumzwa. Wazee wenye wajukuu wauziwe kahawa tupu. Kila mgahawa uwe na mtu wa kuuliza nani anaoa, na ikiwa hakuna anayeoa, keki irudishwe jikoni. Mwisho, kiwekwe kizuizi cha barabara pale Kiabakari, abiria wakaguliwe, hasa mifuko ya ndani ya makoti, ambako Babu huficha kipande anachompelekea Bibi. Kipande hicho hakijawahi kufika Bugwema kikiwa kizima, kwa hiyo naamini Bibi hatakuwa na kinyongo na ofisi yako.

Naelewa kwamba Mama Robi na wenzake watakosa kazi. Naelewa pia kwamba watu wamepumua tangu sukari ilipoanza kuonekana, na mimi ni mmojawapo. Lakini mtu akilinganisha sukari na daktari, naamini Mkoa wa Mara unahitaji zaidi daktari.

Nisalimie wote ofisini kwako, walio mezani na walio kwenye foleni. Shangazi angekusalimu, ila hajui kwamba nimeandika. Babu naye hajui, lakini ni mtu wa salamu, kwa hiyo pokea na zake.

Mimi mwanafunzi ambaye bado ni mwanafunzi,
Dafroza Masatu

Nyongeza: Barua hii imekaa kwenye begi langu wiki nzima nikitafuta bahasha, na mambo yamebadilika.

Jumamosi wazee walirudi kwa Mama Robi. Shangazi alikuwepo, nilimbembeleza aje. Mama Robi alimimina kahawa, akamwekea kila mzee uma na sahani tupu, akasimama na mikono kiunoni. "Keki iko jikoni," alisema. "Harufu si mnaisikia? Haitoki mpaka yule mtamba atoke. Mnataka huyu binti wa watu azeekee kwenye taipureta?"

Babu alimkumbusha kwamba mgeni haachwi na sahani tupu.

"Mgeni ni nani, baba? Wewe ni mtu wa hapa. Hicho kiti cha dirishani kimeshachukua umbo lako."

Kahawa haijapoa, mtamba alikwisha kukubaliwa. Ndama atamfuata mama yake Bugwema akanyonye, kisha atarudi Butiama, na wazee watakuwa wanakwenda kumwangalia. Shangazi alilia, Bwana Felisian akampa leso, mimi nikapiga kigelegele kidogo. Harusi ni mwezi ujao. Kila mgahawa utaoka keki yake, maana wazee wamekataa kuchagua.

Keki ilipoletwa, Mzee Keraryo akamtaja tena Pastory. Nilishika birika kwa mikono miwili. Babu alilamba uma wake taratibu.

"Keraryo," alisema, "hii ya Hyasinta tumeiharakisha. Huyu hapana. Huyu asome kwanza, amalize kidato cha nne, amalize cha sita, aende chuo kikuu. Udaktari wenyewe nasikia unachukuaga miaka. Sisi tutakuwa tunakaaga hapa tunazungumza. Akirudi, tutamuuliza mwenyewe kama kuna mtu anamtaka."

Mzee Keraryo alifikiri, akatazama keki, akasema Pastory bado kijana, anaweza kusubiri au akatafute kwingine, lakini vikao viendelee.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, naomba ombi langu lisitekelezwe. Kama migahawa mmeshaifunga kabla ya kufika kwenye nyongeza hii, tafadhali ifunguliwe, na sukari isipotee tena, walau mpaka nimalize chuo kikuu.