Meno ya Katapila

Jumamosi, 3 Februari

Msimamizi wa machimbo kapita asubuhi, kakataa chai. Anayekataa chai kaja na shari. Kasema mlima hauchimbwi tena kwa nyundo na mikono. Ikifika Alhamisi adhuhuri kila familia iwe na mashine kwenye ukuta wake wa mawe. Asiye nayo, ukuta wake anapewa jirani.

Jirani ni Fikriya. Wanawe wana katapila tangu mwaka juzi. Hulilaza mbele ya nyumba, makusudi, ili nikienda kuoka mkate nilizunguke.

Ukuta ule marehemu mume wangu Bakhit kaupiga nyundo miaka thelathini. Vumbi lake ndilo lililomzika. Kachonga jina lake pale juu, kimo cha watu watatu, herufi nne za Kiarabu. Na kusoma hajui. Imamu alimchorea mchangani, yeye akaiga. Wana wa Fikriya wakiingia pale, wiki moja tu jina ni kokoto.

Halipiti hilo. Nauza vikuku vyangu na kile kishamba cha miwa, nanunua katapila. Kuukuu, sawa, lakini kubwa kuliko lao.

Mwanangu Khalaf kasema basi tumchukue fundi alikague. Nikamwambia fundi hula kwa mnunuzi na kwa muuzaji. Nimenunua ng'ombe miaka arobaini bila fundi. Mnyama unamfungua kinywa. Mwenye mali atasema uongo, meno hayasemi uongo.

Jumapili, 4 Februari

Mpango: kudharau. Sokoni ukisifu umeshalipa. Njia nzima namfundisha Khalaf akunje uso kama yuko matangani, kuguna niachie mimi. Tulikwenda na Dahi, dereva wa makatapila, mtoto wa binamu yangu. Hodari, lakini mdomo haufungi.

Uwanja wa Rizq uko ng'ambo ya mto, barabara ya jangwani. Tukaingia. Nikaliona.

Sijui niandikeje. Nilidhani nimeshaona makatapila. Kumbe nimeona vitoto. Hili limekaa katikati ya mengine kama ngamia kati ya mbuzi. Rangi ya kiini cha yai. Mkono umekunjwa juu, ukiutazama kilemba kinaanguka. Niliingia ndani ya ndoo yake nikakaa, miguu nimenyoosha, na nafasi ikabaki.

Nikasikia mtu anasema Mashallah, tabaraka Allah. Kumbe ni mimi.

Rizq akaagiza chai papo hapo. Kasema Hajja una jicho la kujua vitu. Eti mwenyewe wa kwanza alikuwa mzee wa Kijapani, akichimbia bustani ya maua tu, mwamba halijauona. Kaapa kwa Bikira Maryam. Basi nusu nikaamini.

Nusu iliyobaki nikaitafuta mwenyewe. Nikavaa miwani, nikashika meno ya ndoo moja moja. Matano. Marefu, makali, hayajalika popote. Ng'ombe mwenye meno yale hajazaa hata mara moja. Dahi akaanza: shangazi, achana na meno, meno yanabadilishwa kama viatu, tazama miguu, hii minyororo imeisha. Nikamwambia mimi nilikuwa nafungua vinywa vya ng'ombe mama yake hajaachishwa ziwa. Tangu lini mzee akaota meno mapya?

Rizq akasema Hajja ana elimu kuliko vijana wote. Mtu wa adabu yule.

Jumatatu, 5 Februari

Mpango mpya: kuligeuzia kisogo. Nisipoliona sitalisifu.

Nikaingia uwanjani kinyumenyume. Rizq anazunguka apate kusema na uso wangu, na mimi nazunguka nisione nyuma yake. Khalaf kasema tulikuwa kama watu wawili harusini. Acheke tu, bei niliiteremsha mara mbili. Rizq kafuta jasho, Februari hii. Bado kidogo alie.

Ndipo akampungia mtu wake mkono, na mtu wake akaliwasha.

Ardhi ilitetemeka. Ikapanda nyayoni, ikafika magotini, yale maumivu ya baridi yakakaa kimya. Ikafika kifuani. Miaka thelathini nilisikiliza nyundo ya Bakhit toka bondeni, tik, tik, sauti ya kuku anayedonoa sinia. Nikawaza, angekuwa na hili. Siku moja tu.

Nikageuka. Mkono ulikuwa unapanda angani polepole, kama wa mtu anayeomba dua.

Rizq akalitazama chozi langu, akairudisha bei palepale ilipokuwa jana. Nikalipa.

Jumanne, 6 Februari

Limefika juu ya tela. Tela haliwezi mlima, likateremshwa hapa chini. Kijiji kizima kimetoka. Wanaume wazima wameligusa kama watu wanaogusa kaburi la walii.

Nikachinja kondoo dume. Nikachovya kiganja damuni, nikapiga vidole vitano kwenye mkono wa katapila, kukinga husuda.

Nayo husuda ikaja na sahani ya asali nyeusi ya miwa. Fikriya kalizunguka mara mbili. Kainama, kaitazama miguu. Kasema: kubwa. Basi. Hakutaja Mungu. Nikamwambia jirani, sema Mashallah. Akanijibu, nitaisema likifika juu, mama Khalaf, nisije nikaimaliza bure.

Asali yake nimewapa kuku.

Jioni Dahi katoka chini ya minyororo mweusi kama sufuria. Kasema pini zimelika, zimebaki njiti za kiberiti. Anaomba siku tatu azibadilishe. Nikamwambia Alhamisi haina mkia wa kuishika. Akapate chakula, kapungua akili kwa njaa.

Alhamisi, 8 Februari

Tumeondoka baada ya sala ya alfajiri. Mimi mbele na chetezo cha ubani, Dahi huko juu anapiga kelele shangazi toka njiani. Sikutoka.

Nimeolewa, nimezaa saba, nimehiji. Sijaona kitu kama kile kikipanda mlima. Mawe yalisagika chini yake kama sukari. Punda walisimama. Jua lilipotoka nyuma ya jabali likalipiga ubavuni, nikainamisha macho, kama kwa bwana harusi.

Hatua kumi kabla ya ukuta, pini ikakatika. Mnyororo wa kushoto ukachomoka, ukajilaza njiani kama nyoka aliyekufa. Katapila likainama upande.

Msimamizi yupo, anatazama saa. Robo saa kabla ya adhuhuri. Fikriya yupo, chini ya mwavuli. Katapila la wanawe linanguruma tayari.

Dahi akashuka, akakaa juu ya jiwe, hatazami mtu. Khalaf akaanza, mama si nilisema. Nikatazama juu. Herufi nne. Nikauliza ule mkono tumenunua wa nini, wa kupungia watu? Nyoosha. Dahi akasema shangazi, litapinduka. Nikamwambia nitakaa nyuma, nilizuie kwa uzito wangu. Akacheka, ndiyo akapanda.

Mkono ukafunguka. Ukafunguka tena. Sikujua una urefu wote ule. Katapila zima likalia, likanyanyua kisigino, likashikilia. Hapakuwa na mtu anayepumua, hata Fikriya. Meno matano yakafika, yakaung'ata mlima, dhiraa moja chini ya jina la Bakhit. Kikaanguka kipande cheupe, kikubwa kama tanuri la mkate. Adhana ikapanda toka bondeni.

Msimamizi kafungua daftari lake, kasoma, karudia. Kasema imeandikwa mashine iwe kwenye ukuta. Haikuandikwa yote.

Katia alama. Chai yangu safari hii kanywa vikombe viwili.

Fikriya kasema Mashallah. Mlima wote umesikia. Kisha kauliza, na kushuka je, mama Khalaf?

Jumamosi, 10 Februari

Katapila liko palepale. Limeziba njia, wana wa Fikriya hawapiti. Nasikitika. Nimewapelekea sahani ya asali nyeusi.

Khalaf na Dahi wamenikalisha wanifundishe. Eti kosa ni minyororo iliyolika, eti fundi angeliona kwa dakika mbili. Hawana akili hawa. Minyororo ilikatwa na jicho la Fikriya, nilimwona akiinama. Na ukuta kauokoa nani? Minyororo? Meno. Nilisema meno tangu siku ya kwanza.

Nimempigia Rizq simu, minyororo anayo, karibu mipya. Nayo mashine ya kuponda kokoto imeingia jana. Kasema Hajja, mdomo wake punda anaingia na mzigo wake. Sikulala.

Naenda kesho. Khalaf anataka aje na fundi. Nimemwambia aje na tochi. Safari hii naangalia mpaka magego.