Bahari ya Kibua

Jumatatu, 2 Februari
Nimefika Kibua. Matope mpaka masikioni, mgongo umekwisha kwa pikipiki. Jana Mushaki yote iliniaga! Mbuzi, pombe ya kasiksi, padri akanibariki mbele ya watu: Nestor anaenda kuishi kijijini, katika kamuji kadogo kando ya bahari, Italia, afanye kazi yake ya kompyuta akitazama mawimbi. Papa Henri, baba ya Solange wangu, akasimama akasema ng'ombe za mahari atazingojea mpaka nikae vizuri huko. Watu wakapiga makofi. Nikalia. Walidhani ni furaha.

Visa ilikataliwa Ijumaa. Ningesema nini, na mbuzi ameshafungwa kamba? Kwetu muntu akishaagwa haonekani tena sokoni. Njo maana niko huku porini Walikale, kwa binamu yangu Déo.

Jumanne, 3 Februari
Mvua. Rezo ya simu iko juu ya kilima tu, nyuma ya kanisa. Kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu na kuziandika, wazungu wanalipa. Paneli haikuona jua. Sentensi mbili, batri ikafa.

Kabla haijafa nilimrekodia Solange ujumbe wa sauti pale uani: bahari ni kubwa, upepo muzuri. Tulipopanda kilima na Déo ukaenda. Akauliza kama maji yake iko na chumvi kweli. Nikasema kupita kiasi. Moyo uliniuma. Kisha nikala ugali na sombe.

Alhamisi, 5 Februari
Solange anataka picha. Bahari nitaitoa wapi! Nimesimama mbele ya bwawa la samaki la Déo, miwani ya jua usoni, mvua kichwani. Déo alipiga picha akinung'unika kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia apige tu.

Picha imezunguka Mushaki yote, majibu yamekuja. Papa Henri anauliza kwa nini bahari ya Italia imeotwa na majani ya mateke, majimbi yetu haya, kandokando. Ole wangu, mateke kila mahali, sikuyaona! Nimejibu kwamba Waitalia wanayapenda sana. Plamedi, yule jirani mwenye ng'ombe na jibini, anayemtolea Solange macho tangu zamani, ameandika kwamba yeye anaona na bata.

Ijumaa, 6 Februari
Lori ya Papa Archange, mfanyabiashara wa Butembo, imenasa matopeni mbele ya nyumba. Alikula mbuzi wangu Jumapili, mguu mzima! Nikajificha jikoni nyuma ya mihogo. Moshi ukanikohoza. Akachungulia, akauliza kwa upole kama njo Italia hii. Nikamwambia mimi ni pacha wa Nestor.

Akasema basi nimpelekee pacha wangu habari: Plamedi ametoa ng'ombe kwa Papa Henri, na Jumapili zitapokelewa. Sikula kitu.

Jumamosi, 7 Februari
Solange amepiga simu nikiwa kilimani. Alijua tangu Jumanne. Nyuma ya sauti yangu alimsikia mama ya Déo akifukuza kuku kwa Kinyanga, lugha ya huku Walikale, na nyanya yake Solange ni Munyanga. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Akasema baba yake amekubali kwa sababu hadhani nitarudi. Basi nirudi leo, nisimame mbele yake, niseme visa ilikataliwa. Watu watacheka, itapita. Akasema yeye hajawahi kutaka bahari.

Kule chini pikipiki ilikuwa mlangoni kwa Déo, dereva anakunywa chai. Nikamfikiria mbuzi. Nikamfikiria padri na maji yake ya baraka. Nikamwambia Solange bahari imechafuka, hakuna mashua.

Akaniambia nijifunike vizuri, huko kwa bahari kuna baridi.

Jumapili, 8 Februari
Ng'ombe zimepokelewa. Nimelia nyuma ya bwawa, bata wakinitazama. Nimetuma pongezi na kueleza kwamba umbali umenizuia kufika. Plamedi amejibu kwa heshima, mshenzi huyo.

Jioni roho imetulia kidogo. Nimeona kamuji kengine kando ya bahari, Ugiriki, nako wanatafuta watu wa kompyuta. Nimejaza maombi, hawajajibu. Nilimwambia Déo peke yake, lakini mama yake alisikia, na sasa Kibua yote inajua. Wamekuja kuuliza siku ya kuniaga. Nilitaka kusema tungojee jibu kwanza. Lakini mama ya Déo alikuwa ameshamfunga mbuzi kamba. Nimewaambia Jumapili ijayo.