Mikwaju Isiyo na Namba

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, mbele ya wanachuo mia tatu waliopangwa mistari juani, ilitangazwa kwamba uwanja wa michezo wa Chuo cha Ualimu Mawiti utakuwa wa kwanza, hapa Tabora na pengine duniani, kufanya urafiki rasmi na mazingira. Mtangazaji alikuwa Ndugu Damas, Katibu wa Kamati ya Urafiki wa Viwanja na Mazingira, iliyoundwa mwezi Machi mwaka huo. Ndugu Damas alikuwa amehudhuria mkutano Ulaya kwa siku kumi na moja. Alirudi na koti la sufu na neno "mazingira", na vyote viwili hakuvivua hata katika joto la Oktoba.

Sikuzani, mtunza uwanja, alisikiliza akiwa ameshika fyekeo lake. Alikuwa mjane kutoka mtaa wa Ipuli, umri wake arobaini na kitu, na kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyefyeka majani, akapiga mistari ya chokaa na kufungua kizuizi cha lango la chuo. Aliposikia kwamba uwanja unatafutiwa urafiki na mazingira alishangaa kidogo, maana hakujua kama waliwahi kugombana.

Utekelezaji ulianza siku ileile. Fyekeo lilipigwa marufuku. Majani, alieleza Ndugu Damas, ni wenyeji wa uwanja na lazima yashirikishwe. Kazi ya kufyeka wakapewa mbuzi sita, ambao katika muhtasari wa kikao waliandikwa "mitambo ya kukatia majani isiyotumia mafuta". Mitambo hiyo ilikula wavu wa goli la upande wa kitongoji cha Itetemia, bendera tatu za kona na daftari la mahudhurio la Mkuu wa Chuo, Mwalimu Ambrosi. Majani haikuyagusa. Yalikuwa makavu mno.

Kisha ukaja waraka wa vifungu kumi na saba, wenye sahihi na mhuri, ukabandikwa langoni. Watu wote waliupongeza. Aliyeusoma mpaka mwisho alikuwa Sikuzani peke yake. Mwaka ule alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, na mwalimu wao alikuwa amewahimiza wasome chochote kinachopatikana. Langoni kilichopatikana ni waraka. Aliusoma kwa kidole, herufi kwa herufi, siku nne.

Siku ya pili alifika kwenye kifungu cha tisa, na kidole kikasimama. Kilisema hivi: miti yote isiyopandwa na Kamati, na kwa hiyo isiyo na namba, itakatwa ili kuipisha miti ya Kamati, na mbao zake zitajenga jukwaa la wageni watakaokuja kushuhudia upandaji.

Miti isiyo na namba ilikuwa mitatu. Ni mikwaju mikubwa iliyosimama pembeni mwa uwanja, ambayo watu wa Itetemia husema iliota kwa kokwa walizotema wapagazi wa misafara walipopumzika hapo na meno ya tembo mabegani. Chini ya ule wa kati, marehemu mumewe Yahaya alikuwa akimngoja kila jioni na baiskeli. Sikuzani hakutaka kulia mbele ya mbuzi. Akaenda kumtafuta Katibu.

"Ndugu Katibu, mikwaju hii imewakosea nini?"

"Haijakosea, mama. Haimo kwenye takwimu."

"Lakini si miti?"

"Kwa macho, ndiyo. Kwa Kamati, bado."

"Na wanachuo watakaa wapi jua likiwaka?"

"Tunapanda miche mia moja. Baada ya miaka kumi na mitano patakuwa na kivuli kilichopangwa."

"Na hiyo miaka kumi na mitano?"

"Hicho," alisema Ndugu Damas kwa upole, "ni kipindi cha mpito."

Sikuzani alirudi langoni, akaendelea kusoma, safari hii kwa hasira. Siku ya nne alifika kifungu cha kumi na nne, akakisoma mara tatu, kisha akakishusha kizuizi cha lango.

Alhamisi lilikuja lori la wapasua mbao. Sikuzani hakuinua kizuizi.

"Fungua, mama," alisema dereva, jina lake Justus. "Nina amri ya Katibu."

"Na mimi nina sahihi yake. Kifungu cha kumi na nne. Chombo chochote kitoacho moshi hakitavuka kizuizi hiki, bila kujali mwenye chombo ni nani."

"Basi tutaingia kwa miguu na msumeno."

"Msumeno wa nini?"

"Wa injini."

"Unatoa moshi?"

Justus alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Sana."

Ndugu Damas aliitwa, akafika akipepea nakala ya waraka. Akakisoma kifungu chake, na ilionekana wazi kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana.

"Hiki kiliwalenga watu wengine," alisema.

"Imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Kukibadilisha kulihitaji kikao cha wajumbe wote, na wajumbe wote walikuwa vijijini kwenye operesheni ya kuhamisha watu. Damas akapendekeza mashoka. Wapasua mbao waliitazama ile mikwaju, wakatazamana, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sherehe ya kupanda miche ilikuwa Jumamosi. Kwa shoka, walisema, labda Jumamosi ya mwakani.

Jumamosi ikafika bila jukwaa. Mgeni Rasmi alitoka Dar es Salaam, naye alikuja na magari matano. Sikuzani aliyaona yakitimua vumbi kutoka upande wa mjini, akaweka mikono juu ya kizuizi. Angeweza kufukuzwa kazi kabla ya saa sita mchana. Hakukiinua.

Damas aliruka kutoka kwenye gari la pili. "Fungua, mama! Unajua huyu ni nani?"

"Kifungu kinasema bila kujali ni nani."

Mgeni Rasmi alishuka, akausoma waraka. Wanachuo mia tatu walikuwa wanamtazama, na nyuma yao nusu ya Itetemia.

"Ni agizo zuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini. Akaanza kutembea, umati ukafuata.

Kutoka langoni mpaka uwanjani ilikuwa robo tatu ya maili. Damas alitembea nyuma yake ndani ya koti la sufu, na walipofika uwanjani koti lilikuwa limebadilika rangi. Mgeni Rasmi hakuuliza jukwaa liko wapi. Alikwenda moja kwa moja chini ya mkwaju wa kati, akaketi juu ya mzizi, akafunga macho.

"Hapa ndipo penye akili," alisema baadaye. "Nani kapanda miti hii?"

Damas hakusita. "Kamati, Ndugu Mgeni Rasmi."

Mwalimu Ambrosi alishikwa na kikohozi. Mgeni Rasmi aliinua uso, akautazama mkwaju kuanzia shina, ambalo watu watatu wasingeweza kulikumbatia, mpaka kileleni.

"Kamati iliundwa lini?"

"Machi."

"Machi," alisema Mgeni Rasmi, akahesabu kwa vidole. "Miezi saba."

"Kwa juhudi, Ndugu Mgeni Rasmi. Na maarifa."

Sikuzani, aliyekuwa amewafuata, alisogea mbele. "Ndugu Mgeni Rasmi, hii mikwaju ya Kamati haijapewa namba. Isiyo na namba hukatwa."

"Ipewe leo. Moja, mbili, tatu. Na asiiguse mtu." Mgeni Rasmi alisimama, akawageukia watu. Sasa alikuwa anatabasamu. "Juzi nilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Wananchi tumewahamishia mahali pasipo na mti hata mmoja, nao walinikalisha juani kwa muda wa saa tatu ili nielewe. Nimeelewa. Mtu anayeotesha mikwaju ya namna hii kwa miezi saba hafai kupotezwa mjini. Ndugu Damas atahamia huko Jumatatu. Mwezi wa Mei nitakwenda kupumzika chini ya kivuli chake."

Damas alifungua kinywa. Cha kumwokoa kilikuwa ukweli peke yake, akakifunga kinywa.

"Mwenye swali?"

Sikuzani alinyoosha mkono. "Mwenzetu achukue jembe la chuo, au atapewa hukohuko?"

"Atapewa hukohuko."

Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Ndugu Damas, kwa kuwa alikuwa amesimama mbele na watu wote walikuwa wanamtazama yeye, naye akapiga.