Malalamiko ya Mwenye Magurudumu Manne ya Jeshi

Kiwanda cha Matofali,
Nyuma ya Stendi ya Zamani.
Alhamisi, asubuhi.

Kwa Mkaguzi Mkuu wa Magari,
Kituo cha Ukaguzi.

Ndugu Mkaguzi Mkuu,

YAH: LORI LANGU ULILOLIZUIA JUMANNE, NA MAANDISHI MEKUNDU ULIYOLIANDIKA USONI

Kichwa cha habari kinajieleza, lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa kutaka kila kitu kipimwe mara mbili, nitaeleza tena.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Najua wewe ni shemeji yangu, na Jumapili iliyopita ulikula kwangu ukaongeza mara mbili. Hilo naliweka pembeni. Wewe mwenyewe uliliweka pembeni Jumanne, tena haraka kuliko nilivyotegemea. Leo naandika kama mwananchi mwenye lori. Mwandiko huu mzuri unaousoma ni wa dada yako, mke wangu, maana wangu hausomeki hata na mimi mwenyewe. Mimi nasema, yeye anaandika. Ameahidi kuandika kila neno kama lilivyo, na pale ambapo ana neno lake ataliweka kwenye mabano.

Kazi yangu unaijua: nafyatua matofali ya saruji na kuyapeleka mwenyewe kwa lori la tani saba, dada yako akiwa pembeni yangu na daftari la mzigo. Tangu mwanzo wa mwaka tunapeleka matofali ya zahanati inayojengwa juu ya kile kilima cha udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, udongo ule unakuwa sabuni. Mara tatu lori liliteleza kinyumenyume, na mara ya tatu lilikwenda kusimama ndani ya banda la ng'ombe la mtu ambaye sikuwa namfahamu. Sasa tunafahamiana. Msimamizi wa ujenzi akaniambia kwa upole kwamba mzigo ukichelewa tena atatafuta mtu mwingine. Mtu mwingine huyo yupo, ana trekta, na ana tabia ya kunipungia mkono kila tukipishana.

Ndipo jeshi likauza vitu vyake chakavu kwa mnada. Wenzangu walinunua mahema. Mmoja alinunua sufuria ya kupikia watu mia mbili ingawa anaishi peke yake. Mimi nilinunua magurudumu manne ya gari la kuvuta mizinga. Yananifika kifuani. Niliyapenda siku ile ile, na sioni haya kulisema hilo kwa maandishi. (Aliyaosha kwa sabuni yangu ya nguo. Dada yako.)

Magurudumu yalikataa kukaa. Yaligonga springi, yakasugua hapa, yakakwama pale. Hapo akaingia fundi wetu, tunayemwita Milimita kwa sababu hajawahi kushika rula. Akatengeneza speisa, yaani mabamba manene ya chuma yanayokaa kati ya habu, kile kitovu chenye bolti, na gurudumu, ili gurudumu lisogee nje lisisugue kitu. Chuma chenyewe alikikata kwenye mlango wa sefu ya benki iliyofungwa. Naomba hili lizingatiwe kwa uzito wake: chuma kilicholinda mali za watu miaka thelathini, kitashindwaje kulinda gurudumu?

Baada ya hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Umeandika kwamba magurudumu yametokeza nje ya bodi sentimita ishirini na mbili kila upande. Napinga. Magurudumu yako mahali pake. Bodi ndiyo nyembamba. Mtu akivaa ndara vidole vikatokeza, nani anamsimamisha barabarani kumpima mguu? Isitoshe, futi yako ni ya chuma, ilikuwa imelala juani tangu asubuhi, na chuma kikipata joto hutanuka. Kwa hiyo sentimita zako zilikuwa za jua. (Futi ikitanuka si ingesoma pungufu? Dada yako.) Tuendelee na hoja ya pili.

2. Umesema magurudumu hayana madigadi, hivyo yanarusha matope. Ni kweli yanarusha. Lakini mbona huulizi yanarusha nini? Matope ni mali ya barabara, mimi ninayahamisha tu. Mwalimu mkuu wa shule ya pale chini amelalamika kuhusu shati lake jeupe. Nilimwomba radhi, nikamshauri avae la kahawia kipindi hiki cha mvua, na yeye akaupokea ushauri huo vibaya sana.

3. Umesema mshale wa mwendo unasoma arobaini wakati lori linakwenda zaidi ya sitini. Wewe umeuita udanganyifu, mimi nauita unyenyekevu. Madereva wangapi unawajua wanaojisifu kwamba wanakimbia kuliko wanavyokimbia? Langu linajishusha. Halafu kilomita nazo zinahesabiwa chache, maana yake lori linazeeka polepole. (Nimemuuliza kama na mimi ninaweza kufungwa hayo magurudumu. Dada yako.)

4. Umesema lori haliwezi kukata kona ya kushoto kwa sababu tairi la mbele linagusa boksi la usukani. Huo ni uchongezi wa nusu ukweli. Lori linakata kona ya kulia vizuri mno, na mtu yeyote aliyesoma hesabu anajua kwamba kona tatu za kulia ni sawa na kona moja ya kushoto. Nimechora ramani. Kutoka kiwandani hadi zahanati naweza kwenda kwa kulia tupu: nazunguka soko, napita nyuma ya machinjio, nauzunguka uwanja wa mpira, narudi tena sokoni kwa upande wa pili, kisha naingia njia ya kilimani. Wafanyabiashara wa soko wananisalimia mara mbili kwa safari moja. Undugu unaongezeka. (Zamani ilikuwa dakika kumi na tano. Sasa ni hamsini. Dada yako.)

5. Mtambo wenu wa kupimia breki una rola mbili, na gurudumu langu lilikataa kuingia kati yake. Mhudumu wako akaandika "hazijapimwa," na wewe chini yake ukaandika "limefeli." Hivi mtu akienda kwa fundi viatu, akakosa kiatu cha saizi yake, tunasema hana miguu? Nakiri kwamba lori linachukua muda kusimama kuliko zamani. Kitu kikubwa hakisimami ghafla, hata wewe mwenyewe ukiteremka ngazi tunaona. Nimejirekebisha: nikitaka kusimama sokoni, naanza kufunga breki posta.

6. Hapa ndipo uliponiumiza. Kwa kuwa speisa ni nene, bolti za zamani zilikuwa fupi. Milimita akazirefusha kwa kuzichomelea kipande katikati, kisha akazipaka rangi ya kijani ya jeshi, mikono mitatu, zikapendeza. Wewe ulilala chini na tochi, ukainuka, ukasema mbele ya foleni nzima kwamba bolti ya gurudumu haiungwi, na kwamba katika gari hili usingempakia hata mbuzi, sembuse dada yako. Kisha ukaenda upande wake ukamfungulia mlango ashuke.

Ndugu Mkaguzi, kidole kina viungo vitatu na hakijawahi kudondoka. Mgongo una viungo vingi tu na unabeba mtu mzima. Kama Mwenyezi Mungu aliona kiungo ni jambo jema, kituo chako ni nani kupinga? Lakini si hilo lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba ulisema kana kwamba mimi sijali anakaa wapi. Kiti kile nilikishonea godoro mwenyewe. Ngazi ya kupandia niliitengeneza kwa kipimo cha hatua yake, kwa kuwa goti lake la kulia linamsumbua. Watu walinitazama kama mtu anayemtoa mkewe sadaka kwa ajili ya tofali. (Kwenye hili mimi namwamini yeye. Tumebeba matofali pamoja miaka kumi na tisa na hajawahi kuniweka mahali pabaya. Dada yako.)

7. Baada ya hapo ukachukua rangi nyekundu ukaandika kwenye kioo cha mbele HALIFAI BARABARANI, herufi kubwa kama za tangazo la mkutano. Foleni ikacheka. Utingo mmoja wa basi, ambaye basi lake lina mlango uliofungwa kwa kamba ya katani, akaniuliza kama nategemea kwenda mwezini. Basi hilo mlilipitisha.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo bila kuchelewa:

Lori liachiwe kesho Ijumaa saa mbili asubuhi, maana matofali mia nne yanasubiri na yule wa trekta ameshaonekana akizungumza na msimamizi wa ujenzi. Maandishi mekundu yafutwe, uyafute wewe kwa mkono wako, siku ya foleni ndefu. Mistari ya barabara isogezwe nje sentimita ishirini na mbili kila upande, ili lori langu lionekane liko katikati. Rangi nitachangia debe moja. Shimo lenu la ukaguzi lipanuliwe, na rola za breki zitafutwe za watu wazima. Kona zote za kushoto kati ya kiwandani kwangu na zahanati zifanyiwe uchunguzi kama kweli kuna mtu anazihitaji.

Ombi la mwisho ndilo kubwa. Nataka wewe mwenyewe upande lori hili, ukae kiti kile kile cha dada yako, tupande kilima na mzigo kamili na tushuke nao tena. Tukifika chini, uniambie usoni kama kiti chako cha ofisini ni salama kuliko kile. Ukikataa, nitapeleka malalamiko haya ngazi ya juu zaidi, kwa mama mkwe.

Ili usiseme naongea hewani, mchana huu naenda na Milimita hapo uani kwa kituo chenu, lori lilikofungiwa, kupiga picha za bolti zote, moja moja, nizibandike kwenye barua hii kama ushahidi. Mlinzi wenu ameshakubali.

Nafunga kwa kuwasalimu wote hapo kituoni: mlinzi, mhudumu wa rola, yule mama wa mihuri ambaye hakucheka, na hata waliocheka. Nyumbani msalimie shemeji yangu mkeo na watoto. Mama mkwe msalimie kipekee, na kama umeshamsimulia, basi msimulie na upande wangu.

Ni mimi, mwananchi asiye na lori,
Mfyatua Matofali,
(na shemeji yako, kuanzia Jumamosi tena).

Nyongeza.

Utaona mwandiko umebadilika. Huu ni wangu. Usome polepole.

Tumetoka uani kwenu sasa hivi. Tulianza na gurudumu la mbele, upande wa dada yako, kwa sababu ndilo ulilolisema. Milimita aliiweka spana kwenye nati ya kwanza na hakufika kuizungusha. Ilitoka na bolti ndani yake, imekatika pale pale alipochomelea. Ya pili nikaitoa mimi kwa vidole. Bolti ni nane, shemeji. Tano zilikuwa zimekatika, na kwa kutu yake si jana wala juzi. Zilikuwa zimeshikwa na rangi tu. Milimita alikaa chini kwenye changarawe.

Jumatatu, siku moja kabla hujatuzuia, tulishuka kilima kile na matofali mia mbili yaliyokataliwa na msimamizi. Mshale ulisoma arobaini. Dada yako alikuwa amesinzia, kichwa kwenye kioo, na mimi nilipunguza redio asiamke. Najaribu kukumbuka nilivyoikata kona ile ya chini, yenye korongo upande wa kushoto, upande wake.

Kwa hiyo yote niliyoomba hapo juu, nayaondoa. Ningeichana barua, lakini ni mwandiko wake, na amekesha akiinakili mara mbili ili isiwe na doa. Gari usiniachie. Magurudumu mpe anayetaka kupanda maua ndani yake. Kandarasi achukue wa trekta, na akinipungia mkono nitampungia. Maneno mekundu yaache, ila ningekuwa wewe ningeyaandika makubwa zaidi.

Nimefika nyumbani nikamkuta ameshapiga gundi kwenye karatasi, anasubiri picha. Akaniuliza zimetokaje. Nikasema zimetoka vizuri. Ndiyo mara ya kwanza, kwa miaka kumi na tisa, namwambia uongo kuhusu lori.

Sasa yuko uani, anakishona upya kile kigodoro cha kiti chake, alichoshuka nacho Jumanne, anasema kesho lori likitoka kiwe tayari. Ukipita kwetu leo, shemeji, usiseme chochote. Niachie nimwambie mwenyewe. Nimetoka nje mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kumshikia uzi.